Mita za Kushuka

Mpima ardhi alipoiokota mezani saa ya mazoezi ya mumewe, ilikuwa bado na joto la mkono. Mume alikuwa bafuni, anajimwagia maji na kuimba.

Alitaka tu kujua ile njia yake ya mbio ina vilima kiasi gani, maana kila asubuhi mwanamume huyu alikuwa hamalizi kujisifu. Saa ikamjibu: kupanda, mita mia moja arobaini. Kushuka, mita kumi na mbili.

Akasoma tena. Amepima barabara za watu miaka kumi na tisa, na anajua kwamba ukianzia mlangoni kwako ukaishia mlangoni kwako, ulichopanda lazima ukishuke. Vipimo visipokutana, kuna kipande cha njia kimeachwa.

Akainama akagusa viatu vya mbio vya mumewe. Mvua ilianza nusu saa kabla mume hajaingia, na bado ilikuwa inapiga bati. Viatu vilikuwa vikavu hadi kwenye kamba.

Mume akatoka na taulo kiunoni. "Leo mlima nimeupanda na kuushuka bila kupumzika, mama watoto. Magoti yananiwaka moto."

"Pole. Kesho twende wote."

"Wewe? Utaweza kweli?" Akacheka.

"Kupanda nitajikongoja." Akamkabidhi saa yake. "Ila wakati wa kurudi, hilo gari lina nafasi ya mtu wa tatu?"