Nailoni ya Kiti cha Mbele

Salha alitaka gari la mtumba. "Hilo jipya litatutumikisha, baba Hidaya," alimwambia mumewe siku ile dukani. Makame akachagua jipya, na nailoni za viti akakataza zisitolewe, vitambaa visije vikachafuka. Miaka yote mkewe alikaa juu ya nailoni, mgongo umelowa jasho, wala hakunung'unika.

Arobaini ya Salha ilipopita, mnunuzi alikuja kuliona gari. Akapapasa kiti cha mbele alichozoea kukalia marehemu.

"Mzee, hiki kama hakijakaliwa na mtu."

Makame aliichana nailoni kwa kucha, akapiga magoti, akalaza shavu kwenye kitambaa na kuvuta pumzi taratibu.

Kilikuwa bado kina harufu ya dukani.