Nusu Saa ya Kumsubiri Wąsik

Saa tatu kamili asubuhi, Ijumaa tarehe 23 Januari 1987, kiti cha mtahiniwa katika chumba namba 14 kilikuwa kitupu.

Profesa Ludomir Pietras, mwenyekiti wa jopo, alivua saa yake akaiweka mezani. Kanuni za chuo zilimpa H. Wąsik nusu saa. Ikipita, jopo lingeandika kwamba hakufika. Usajili wake ulikuwa unakwisha siku hiyohiyo na msimamizi wake alishafariki, kwa hiyo tasnifu ingezikwa moja kwa moja. Ilihusu mantiki ya kompyuta, na Pietras alikuwa ameisoma mara mbili. Kwa miaka kumi hakuwa ameona iliyo bora kuliko hiyo.

Hakuna aliyemjua Wąsik kwa sura. Alikuwa mfanyakazi wa kompyuta za reli huko Katowice, na kila alichoandika kilifika Warszawa kwa posta.

"Kijana bado yuko kitandani," Dkt. Wit Szulc, mjumbe mwenzake wa jopo, alimnong'oneza Pietras wakiwa mlangoni. "Wa siku hizi wanataka udaktari wao uletwe na tarishi."

"Wewe siku yako ya kutahiniwa ulichelewa dakika ngapi?"

"Kumi na mbili. Nilikuwa na homa."

"Homa ya vodka."

Mtahini wa nje, kutoka Wrocław, alishafika: mama wa miaka sitini hivi, mwenye mvi, viatu vimelowa theluji. Alipoingia alisema amekuja kwa ajili ya tasnifu ya Wąsik. Pietras alimbusu mkono, akampokea koti, akamkalisha karibu na mabomba ya kupasha chumba joto, akamletea glasi ya chai. Redio ilikuwa imetangaza kwamba treni ya Wrocław imekwama njiani. Bila shaka alipanda ya jana.

Saa tatu na dakika kumi Pietras alisema, "Mama, tusikae bure. Tuanze na sura ya tatu. Inamshinda mwenzangu."

"Hainishindi, naikataa," alisema Szulc. "Mashine haina habari kwamba treni imefutwa, basi inatangaza treni inakuja. Huo ni umbea, si mantiki."

Mama alisimama, akachukua chaki, akachora kisanduku kidogo ubaoni.

"Hiki kinasomwa 'najua kwamba'. Mashine inajikagua yenyewe. Inasema: treni ingefutwa, ningejua. Sijui. Kwa hiyo inakuja."

"Na habari ikifika baadaye?"

"Inafuta ilichosema. Katika mantiki ya zamani, ukishathibitisha umethibitisha milele. Hii haioni aibu kugeuza kauli."

"Na ukurasa wa arobaini na moja? Uthibitisho umeanguka pale."

"Pale mpiga taipu aliruka kisanduku kimoja. Kirudishe." Akakichora.

Szulc akafunga daftari. "Haya, nimenyamaza."

"Andika tarehe," alisema Pietras. "Haijawahi kutokea."

Saa tatu na dakika ishirini na tano walichungulia nje pamoja. Korido ilikuwa tupu mpaka kwenye ngazi.

"Labda alielekezwa chumba kingine," Szulc alinong'ona. Sasa hakuwa akitania.

"Chumba kingebadilishwa, ningejua," alisema Pietras.

Nusu saa ikatimia. Akangoja dakika moja zaidi, jambo ambalo kanuni hazikuruhusu. Kisha akaketi, akaandika kwenye fomu *Mtahiniwa hakufika*, akatia sahihi, akamsogezea Szulc, naye akatia yake.

Mama aliwaona wameiinamia karatasi. Akapangusa chaki vidoleni, akachukua koti lake.

"Samahani, Profesa," alisema. "Najua mtahiniwa hutoka nje mkipiga kura. Nisubiri koridoni?"