Siri ya Komando

Muuguzi aliitupa barua mezani, ikateleza hadi magotini mwa mshauri nasaha wa wafanyakazi.

"Soma mstari wa nne, dada. Soma kwa sauti."

Mshauri aliusoma kimoyomoyo. Kuanzia kesho, muuguzi anahamishwa kutoka idara ya dharura kwenda masijala, kupanga mafaili. Sababu: mikono yake hufa ganzi kila asikiapo mlango wa gari la wagonjwa ukifunguliwa.

Hospitali nzima ilimwita Komando. Miaka kumi na mitatu alipokea majeruhi bila kutikisika, akiwatania madaktari wapya waliobadilika rangi kwa kuona damu. Siku alipoingia chumba hiki na kulia mpaka kamasi zikamtoka, alianza kwa kusema jambo moja: "Hili likitoka humu, nimekwisha."

"Halitatoka," mshauri alimjibu.

Sasa lilikuwa limetoka, na limepigwa muhuri.

"Sijamwambia mtu," mshauri alisema. "Hata kuandika siandiki. Daftari hili hapa."

Komando alilifunua. Tarehe tu, kurasa tupu. Alilifunga taratibu, na hapo ndipo mshauri alipoumia zaidi, kwa kuwa usoni mwa mwenzake hapakuwa na hasira tena. Palikuwa na uchovu.

"Basi kuta zimesema," Komando alisema. "Wenzangu wanne walikuwa waje kwako wiki hii. Nimewaambia wabaki na yao moyoni."

Akaondoka bila hata kubamiza mlango.

Mshauri alikipekua chumba chake kama askari. Alipapasa chini ya meza, nyuma ya saa ya ukutani, ndani ya boksi la karatasi laini za kufutia machozi. Alimkazia macho mfagiaji mpaka mama wa watu akauliza amekosa nini. Hakuambulia kitu. Wale wanne hawakuja. Kwenye korido, wauguzi waliokuwa wakimsalimia kwa kicheko sasa walishika simu zao na kujifanya wanasoma.

Siku tatu alikaa akitazamana na kiti kitupu. Ya nne ilikuwa Alhamisi, siku yake ya kwenda kwa Mwalimu. Mama huyu mstaafu ndiye aliyemfundisha kazi, na kila Alhamisi jioni mshauri alikwenda kwake kuitua mizigo aliyotwishwa na wengine juma zima. Siku hiyo alijikunyata kwenye kochi akamwaga yote: ya Komando, ya kazini, na yake mwenyewe ya nyumbani.

Mwalimu alimshika mkono mpaka akatulia. "Pole, mwanangu," alisema. "Usikae unagombana na kuta. Mwendee mkurugenzi, umuulize ana kwa ana."

Asubuhi alifanya hivyo. Hakungoja kukaribishwa.

"Nani anakuletea maneno ya wauguzi?" aliuliza. "Nipe jina tu nimpelekee Komando. Baada ya hapo nifukuze ukitaka."

Mkurugenzi alivua miwani, akaipangusa kwa ncha ya tai. Sauti yake ilikuwa ya upole, kama ya mtu anayemhurumia mgonjwa.

"Keti, mama. Watu wanaletwa hapa wakiwa nusu wafu. Siwezi kungoja mikono ya muuguzi ife ganzi juu ya mtoto wa mtu ndipo nijue. Na wewe nakupa likizo ya mwezi mzima. Utawasaidiaje wenzako, wakati kila alfajiri unalia bafuni, umefungua bomba ili mumeo asisikie?"

Mshauri alishika ukingo wa meza. Mumewe kweli hakuwahi kusikia. Maneno hayo aliyatamka mara moja tu maishani, jana jioni, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa Mwalimu.