Kiwambo cha Bunduki

Shekue alirudi mchana kutoka kuwinda nguruwe pori wanaomaliza mahindi ya watu, akakuta uani kwake kumejaa majirani, mkeka wa matanga umeshatandikwa.

"Nani kafa?" aliuliza.

"Wewe!" Mkewe, Mwanaidi, alimrukia shingoni huku analia. "Tangu alfajiri sijasikia mlio hata mmoja!"

Miaka yote mlio wa bunduki ulikuwa salamu yao: mume mzima, injika wali. Leo Shekue alikuwa amefunga kiwambo kipya cha kuzuia sauti, akaua nguruwe watatu kimya kimya kama mwizi wa sukari.

"Bunduki umeinunulia adabu, mkeo umemnunulia eda!" jirani mmoja alimcheka. "Kirudishe dukani, hakina faida hicho."

Shekue alikifungua kiwambo mtutuni, bado kina joto. Alitaka kukubali. Lakini siku zote alirudi masikio yakivuma kama mzinga wa nyuki, na leo alisikia mchele ukimiminika kwenye ungo, na Mwanaidi akivuta kamasi huku anacheka.

"Utakirudisha?" Mwanaidi alinong'ona kutoka jikoni.

Naye akamsikia.