Mgonjwa Bora Kutoka Nuu

"Tano nukta mbili? Tena?"

Muthoki aligongagonga kimashine cha kupima sukari, akakipuliza, akabadilisha betri. Akamtoboa Kitheka kidole kingine. Tano nukta mbili.

Haki ya nani, mambo gani haya? Watoto wa kliniki ile walikuwa na kisukari aina ya kwanza, kile kisichosikia la mtu ila sindano ya insulini kila siku. Sukari za wengi wao zilikuwa kumi na tano, ishirini, na siku nyingine mashine ilisusa kusoma kabisa. Lakini Kitheka wa miaka kumi, kutoka kule kijijini Nuu, alikuwa na sukari nzuri kuliko ya daktari mwenyewe.

Muthoki alikuwa karani wa takwimu, miezi mitano tu kazini, na kwa uhaba wa wauguzi ndiye pia aliyepima sukari. Alikuwa akiwajazia wafadhili jedwali: umri, jinsia, kilo, nani anamlea mtoto. Mwaka jana wastani wa umri ulikuwa miaka kumi na tano. Mwaka huu, tisa. Alipiga hesabu mara tatu, akatukana kikokotoo, jibu likabaki lile lile. Basi, akaandika tisa.

Leo wafadhili wenyewe walikuwa njiani kuja kuamua kama insulini ya bure itaendelea. Wakikataa, watoto arobaini na wawili wangerudi nyumbani mikono mitupu, na mtoto wa aina hii bila sindano hamalizi wiki mbili. Muthoki alilijua hilo. Alihitaji mtoto mmoja wa kuonyesha kwamba dawa inafanya kazi.

"Mama Kivuva," alimwambia mama yake Kitheka, "huyu wako ndiye atakayeongea na wageni."

Mama aliangalia viatu vyake. "Sista, huyu ana haya. Si uchukue yule mtoto wa Mwangangi?"

"Yule ana ishirini na tatu! Watasema insulini yao tunawanywesha mbuzi."

Mama Kivuva akajifunika uso kwa leso. Muthoki akaona ni unyenyekevu, akampenda zaidi.

Gari la wageni lilipopiga honi getini, Kitheka hakuonekana. Muthoki alimkuta nyuma ya jiko la kliniki, amekalia jerikeni, mandazi matatu mapajani na soda nyekundu imefika nusu.

"Woi! Kitheka! Unataka kufa leo, na wageni ndio hao?"

Alimpokonya soda, akampangusa kidole kwa pamba, akamtoboa. Sita kamili.

Muthoki aliketi mavumbini na sketi yake ya wageni.

"Niambie ukweli, kijana. Leo asubuhi umejidunga insulini kiasi gani?"

"Mimi?" Kitheka aliramba mafuta ya mandazi vidoleni. "Anayedungwa ni Kivuva, kaka yangu. Alipofika kumi na nane mlimtoa kwa mradi, mama akasema sasa ni zamu yangu kuugua."

Aliitazama soda yake mkononi mwa Muthoki kwa uchungu.

"Mimi nikifika kumi na nane zamu atashika Wayua, mdogo wetu. Saa hii bado ananyonya."