Mpungate wa Bi Bata

Aliondokea Bata mmoja aliyejiona hodari wa kulea kuliko wanyama wote. Alipopewa mche wa mpungate, mti wa miiba wa nchi kavu, aliupanda chunguni, akauita mwanangu, akaunywesha maji asubuhi, mchana na jioni. Mpungate ukanenepa hata ukang'aa.

Jirani yake Kobe naye alikuwa na wake, mwembamba, udongo wake mkavu kama unga.

"Mzee Kobe," Bata akamwambia, "kuzaa si kazi, kazi kulea. Huyo wako unamuua kwa kiu."

"Bi Bata, huu ni mti wa jangwani. Uache upumue."

"Uvivu huo!"

Bata akawaita majirani wote waje waone malezi. Chiriku akatua juu ya mpungate ule mnono. Papo hapo ukabonyea, ukalala kando, na maji ya uvundo yakachuruzika: mizizi ilikwisha kuoza. Macho ya wote yakahamia kwa Kobe, ambako ua jekundu lilikuwa limechanua asubuhi ile.

Bata akainua shingo, akakung'uta mabawa.

"Semeni mtakayo," akasema, "lakini mwanangu hakufa kwa kiu."