Maji kwa Neno la Adabu

Nyama ilimkwama Kondwani kooni kabla hajaitafuna vizuri. Ilikuwa nyama laini, mbuzi mnono, na aliyemkatia kipande kile kwa mkono wake mwenyewe alikuwa Mfanufikile, mwenye mke.

"Kula, ndugu yangu! Fundi gani wewe, unadonoa kama bibi harusi?"

Wanaume waliozunguka chungu cha pombe ya mtama wakaangua kicheko. Kondwani naye akacheka, lakini moyoni alijiona mbwa. Miezi yote ambayo Mfanufikile alikuwa chini ya ardhi huko Rustenburg, akichimba platinamu, yeye, fundi cherehani wa kutoka Malawi, alikuwa akipita nyuma ya zizi na kuingia nyumbani kwake. Ilianza na sare za watoto. MaZondi, mke wa Mfanufikile, alizileta kushonwa, akaja kuzichukua, kisha akaja tena bila nguo yoyote mkononi.

Basi la Kondwani la kurudi kwao lilikuwa kesho asubuhi. Cherehani ameshaifunga kwa magunia. Alichoomba kwa Mungu ni siku hii moja tu ipite salama, maana ikijulikana, MaZondi angerudishwa kwao bila watoto wake, na bila wale watoto asingeishi.

"Hivi mke wangu alikutunza, fundi?" Mfanufikile akauliza. "Au alimnyima mgeni hata chai?"

"Aa, kaka, mimi na shemeji ni salamu tu za pale dukani. Hata kikombe cha maji sijawahi kunywa kwake."

"Huyo ndiye MaZondi wangu!" akadakia mzee Mbatha, babake Mfanufikile, akijipigapiga goti. "Ana haya, huyo! Hata polisi wamuulize jina langu, atamsukuma mtoto mbele ajibu yeye; wala neno linalofanana nalo hulisikii kinywani mwake. Hawa wake wengine wa siku hizi wanawaita wakwe zao kama wanaita mbuzi."

Watu wakacheka tena. Sifa zile zilimchoma Kondwani kuliko matusi.

Mfanufikile akainuka, akavua koti lake zito la mgodini, akamvisha. "Nimesikia unaondoka. Chukua. Watoto wameniambia sare zao ulizishona bure."

Kondwani alitaka ardhi ipasuke immeze. Hakuwa na cha kumlipa mtu huyu, wala uso wa kumtazama. Alichobaki nacho ni heshima tu, na akaamua kuitoa yote.

Koo lilikuwa limemkauka. Kizulu chake kilikuwa cha kuokoteza, lakini neno la maji alilijua vizuri. Bonde zima lilisema amanzi: dukani, mtoni, kanisani. MaZondi peke yake, alipomfundisha, alisema amandambi, tena kwa sauti ya chini, macho ameyainamisha. Kondwani akajua hilo ndilo neno la adabu, la kusemwa mbele ya wakubwa. Hakuwa amepata nafasi ya kulitumia.

Akapiga goti mbele ya mzee, akakutanisha viganja. "Baba, naomba amandambi."

Vicheko vikakatika. Mzee Mbatha, aliyekuwa ameinua chungu mdomoni, akakirudisha chini bila kunywa. Kule jikoni, alikokuwa MaZondi na wanawake wenzake, chombo kilianguka.

Kondwani akadhani amelitamka vibaya. Aibu ilioje! Akajikohoza, akalirudia polepole, kwa sauti ya kusikika hadi kwa akina mama.

"Amandambi, baba."

Mfanufikile hakumtazama. Alikuwa anatazama jikoni.

"Baba yangu anaitwa Manzezulu, fundi," akasema taratibu. "Katika bonde zima hili, anayeogopa kusema amanzi ni mke wangu peke yake."